Naombeni msaada: sketi kila siku kwenye winta ya Minnesota, mnavaa nini ndani?

binti_wa_kirumba

Habari za saa hizi wapendwa. Nimehamia Minneapolis mwaka huu nikitokea Mwanza, na huku ndio kwanza Novemba lakini asubuhi nikisimama kusubiri basi miguu inakufa ganzi kuanzia magotini kushuka chini. Mimi ni mtu wa sketi, sio za ibada tu, yaani kila siku, kazini, dukani, nyumbani, nimelelewa hivyo na nazipenda, nikiwa ndani ya sketi najiona niko sawa. Sasa kila ninayemuuliza jibu ni lile lile, nunua jinzi dada uachane na mateso. Sitaki ubishi wa suruali, anayevaa avae kwa raha zake, ninaowauliza ni wale wanaovaa sketi winta nzima, mnafanyaje?

Kwa sasa navaa stokingi nyeusi za kawaida, sketi ya kitambaa chepesi inayopita goti kidogo, na buti fupi za kifundoni. Juu sina shida, koti ninalo na sweta ninazo. Shida nyingine ni kazini, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee na humo ndani wanawasha joto kweli kweli, nikivaa vizito nalowa jasho, halafu nikitoka nje na lile jasho ndio naganda zaidi. Na nina binti wa miaka 7, naye hataki kusikia habari ya suruali, na shuleni wanawatoa nje kucheza kwenye theluji. Bajeti yangu ni ndogo, ndio maana nauliza kabla sijaanza kununua hovyo.

mama_brooklyn_park

Karibu sana Minnesota dadangu. Mimi niko hapa Brooklyn Park tangu watoto wakiwa wadogo, na nimevaa sketi hata ile Januari ya 2019 wakati Minneapolis ilifika kama nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa, hata posta wakaacha kusambaza barua. Kwa hivyo naongea kitu nakijua.

Sketi haina makosa. Angalia vile umeeleza mwenyewe: sketi inaishia chini ya goti, buti inaishia kwa kifundo, hapo katikati mguu umeachiwa stokingi ya nailoni peke yake, na upepo ukiingia hapo unapanda mpaka juu. Funga hiyo nafasi kwanza. Ama upate buti ndefu ambazo mdomo wake unapanda juu ya pindo la sketi, ama sketi ishuke mpaka ifunike mdomo wa buti, mguu usibaki wazi mahali popote. Hiyo tu utasikia tofauti kesho asubuhi.

Halafu uelewe joto linatoka wapi. Nguo haitengenezi joto, joto ni lako, nguo inashika tu hewa iliyotulia karibu na ngozi isitoroke, vile chupa ya chai inafanya. Sketi pana ina hewa nyingi ndani lakini hiyo hewa inatembea ukitembea, ndio maana unahitaji kitu cha kuituliza, na hicho kitu ni gagulo. Watu siku hizi wameacha gagulo wanadhani ni mambo ya nyanya zetu, lakini gagulo zito chini ya sketi linashinda taiti mbili. Mimi nina moja nilishona kutoka kwa blanketi laini la fleece, linaishia juu kidogo ya pindo, halionekani, na siku za baridi mbaya navaa hilo juu ya taiti ya sufu, sketi juu yake, na koti refu la manyoya ya bata linalofika chini ya magoti. Koti fupi la kiuno na sketi haviendani hapa, hata uvae nini ndani.

Taiti sasa. Tafuta sufu, ile ya merino haiwashi. Kama ni ghali chukua zile zenye manyoya ndani. Usinunue ya kubana sana kwa sababu ikikubana hakuna hewa tena hapo ndani na damu haipiti vizuri, chukua saizi moja juu. Na dadangu, chukua taiti isiyo na nyayo, uvae na soksi ndefu za sufu kando. Theluji ikiingia kwa kiatu unabadilisha soksi peke yake unaendelea na siku yako, lakini kama ni taiti yenye nyayo utakaa na unyevu mpaka jioni. Weka soksi kavu kwa mkoba kila siku, hiyo usiwahi kusahau.

tromso_kwetu

Niko Tromsø, kaskazini ya Norway, huku kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na wanawake wanavaa sketi na magauni kama kawaida, wenyeji Wasami wana magauni yao ya asili ya gákti na hakuna anayewaonea huruma kwamba watakufa na baridi, kwa sababu wanajua cha kuvaa ndani na miguuni. Viatu vyao vya zamani vya ngozi ya paa wa theluji walikuwa wanavijaza nyasi kavu ndani, nyasi inashika hewa na inanyonya unyevu, jioni wanaitoa wanaikausha. Kanuni ndio hiyo hiyo mpaka leo, kiatu kiwe na nafasi. Ukinunua buti nenda dukani na soksi yako nene umeivaa, vidole vicheze humo ndani. Buti iliyobana na soksi tatu ni baridi kuliko buti yenye nafasi na soksi moja.

Naunga mkono yote ya mama hapo juu isipokuwa moja, hiyo ya kusema sketi ishuke sana. Huku kwetu kunanyesha na kuganda, kunanyesha na kuganda, njia nzima inakuwa kioo, na sketi ya kuburuza inafuta theluji na maji ya ile chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, pindo linalowa, linakuwa zito, linaganda, na likiganda linakugonga kwenye mguu siku nzima. Na ukishuka ngazi zenye barafu huoni unapokanyaga. Nasema hivi kwa sababu nimewaona wakina mama wakianguka vibaya. Sketi iishie katikati ya muundi au kidogo chini ya hapo, buti ipande juu ya hapo, basi. Na ununue vile vyuma vya mpira vya kuvalisha chini ya kiatu ili usiteleze, havina bei kubwa, unavivua mlangoni.

Kuhusu jasho la kazini: pamba ndio adui yako. Taiti ya pamba, shimizi ya pamba, soksi za pamba, vikinyonya jasho havikauki na ndio maana unaganda ukitoka. Sufu inaweza kubeba unyevu karibu theluthi ya uzito wake na bado usiisikie imelowa. Ianze ngozini, mengine yafuate juu.

mama_brooklyn_park

Kwa hiyo ya barafu nakubali, kwa ngazi ni hatari. Minnesota theluji ni kavu zaidi kuliko huko baharini ndio maana sisi tunaweza na ndefu, lakini mwezi wa tatu ikianza kuyeyuka hata mimi nafupisha. Ukiona mistari meupe kwa pindo au kwa buti hiyo ni chumvi, ipanguse na maji yenye siki kidogo kabla haijala ngozi ya kiatu.

Na hapo kwa joto la kazini hao wanaokwambia uvae jinzi hawajafikiria. Mwenye suruali akitaka kupunguza kitu cha ndani lazima avue zote. Wewe unaingia chooni dakika moja unavua taiti ya sufu na gagulo, unaweka kwa loka, unabaki na sketi yako na soksi nyepesi, hakuna mtu amejua kitu. Jioni unarudisha. Mimi nimefanya kazi ya wazee pia na hivyo ndivyo tulikuwa tunafanya, watu wengi sana.

fundi_njombe

Binti yangu, mimi ni fundi cherehani huku Njombe, na huku kwetu kuanzia Juni mpaka Agosti ni baridi ya kweli, kule Makete majani yanapiga weupe kwa umande ulioganda, na mama zetu wanakwenda shamba na sketi na vitenge juu yake. Sio baridi ya huko uliko, lakini habari ya kushona naijua.

Kitambaa chepesi kishone bitana. Bitana inafanya kazi mbili, inazuia upepo na inafanya sketi iteleze juu ya taiti isipande miguuni. Bitana iwe fupi kuliko sketi kwa sentimita mbili au tatu isije ikachungulia. Kama unataka joto zaidi, lile gagulo alilosema mama hapo lishonewe vifungo kiunoni kwa ndani, uliunganishe na mkanda wa sketi, siku ya baridi unalifunga siku ya joto unalifungua, na halizunguki ukitembea. Mpasuo wa nyuma uuzibe au ubadilishe uwe rinda la ndani, hatua utaipata ile ile na upepo hauingii. Mshono wa vipande sita ndio mzuri kwa kazi yako, kiunoni imetulia, chini ina mwendo, unapanda basi bila kuivuta.

Kwa kuwa umesema bajeti, nenda kwenye mitumba ya huko, utapata sketi na makoti ya zamani ya sufu halisi kwa bei ndogo kuliko kitu kipya cha plastiki. Kuijua sufu ni rahisi, chomoa uzi mmoja uuchome na kiberiti kwenye sinki: sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizima wenyewe, na jivu linasagika ukilibonyeza. Kama uzi unayeyuka na kuacha kidonge kigumu hiyo ni polista, iache au uichukue kwa bei yake. Ukiifua tumia maji ya baridi, usikamue, ianike imelala. Maji ya moto yataifanya iwe ya mtoto wako.

binti_wa_kirumba

Jamani asanteni sana, sana. Hii ya vifungo kiunoni sijawahi kuifikiria kabisa. Nimeenda leo duka la mitumba la karibu na kwangu nimepata sketi mbili nikidhani zote ni sufu, zinafika katikati ya muundi, uzi wa moja umenuka nywele kweli, nyingine imeyeyuka nimeirudisha. Buti ndefu nazifuata mwisho wa mwezi. Ila nimejaribu sketi juu ya taiti leo asubuhi inanata miguuni, inapanda, mpaka inatoa cheche nikiishika. Hiyo mnaifanyaje? Na binti yangu je, naomba msimsahau.

mama_brooklyn_park

Hiyo ni umeme wa hewa kavu, hita zikiwaka nyumba inakauka sana. Paka mafuta miguuni kabla ya taiti, lowesha mkono kidogo upitishe juu ya taiti na ndani ya sketi, au pitisha henga ya chuma ndani ya sketi kabla hujavaa. Ukishona ile bitana ya fundi itapungua zaidi. Mafuta usiache hata hivyo, ngozi yetu hapa inapasuka.

mwalimu_wa_chekechea

Nipo Edmonton, Kanada, nafundisha watoto wadogo, nijibu hapo kwa mtoto. Mwache avae sketi yake, chini taiti nene, na shuleni awe na suruali ya theluji ambayo anaivaa juu ya taiti wakati wa kwenda nje tu, sketi inaingizwa ndani ya ile suruali au inabaki juu yake, wasichana wengi wanafanya hivyo na hakuna anayewashangaa. Chagua sketi ya lastiki kiunoni na isiyo na kitambaa kingi, ili aingie na kutoka mwenyewe bila kumsubiri mwalimu, maana tuna watoto wengi wa kuvalisha kwa wakati mmoja. Andika jina lake kwenye kila kitu, na weka taiti ya pili kwenye begi. Mwambie vidole au masikio yakianza kuuma aseme mapema, na yakiacha kuuma yakawa ganzi aseme haraka zaidi. Ukiona sehemu imekuwa ngumu na imepoteza rangi yake usiisugue na usiipake theluji, ingiza kwenye maji ya uvuguvugu na umpeleke hospitali. Na huko Marekani wakikutajia sifuri ya Farenhaiti ujue ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri zetu, usidhani ni sifuri ya kuganda maji. Kisha angalia na kipimo cha upepo, huo ndio unaoumiza miguu kituoni.

tromso_kwetu

Mwalimu kasema kweli kuhusu upepo. Kituoni geuza mgongo kwenye upepo na usisimame juu ya barafu tupu, baridi nyingi inaingia kwa soli. Weka soli ya ziada ya sufu ndani ya buti.

binti_wa_kirumba

Nimeandika zote kwenye daftari. Fundi, la mwisho nakuomba baba: dada mmoja kazini kaniambia kuna kiwanda cha zamani cha mablanketi ya sufu mji wa Faribault hapa hapa Minnesota, kipo tangu 1865, na yeye ana blanketi lao limetoboka pembeni anataka kunipa. Naweza kulishona sketi?

fundi_njombe

Lichukue hilo blanketi binti yangu, usimwachie mtu mwingine! Kata pembe iliyotoboka uitupe, lililobaki lipige mvuke wa pasi lote kabla ya kukata, maana sufu ikiwa bado itajivuta baada ya kushona utalia. Kwa sketi ya vipande sita inayofika katikati ya muundi mita mbili zinatosha kama upana ni mita moja na nusu, na blanketi la kitanda kikubwa linaweza kukupa na ya mtoto humo humo. Mkanda wa kiunoni usiushone kwa blanketi lenyewe, utakuwa mnene na utakubana ukikaa, tumia kitambaa chepesi, hata kipande cha kitenge. Pindo usilikunje mara mbili, likunje mara moja ulishone kwa mkono. Na sindano ya cherehani weka namba 16. Ukifika kwenye zipu niandikie hapa, nitakuelekeza.