Lubumbashi mpaka Kinshasa: saa moja na nusu kweli?

Mama wa Katuba: Bandugu jambo, nisaidie. Tiketi yangu inaandika kutoka Luano (aeropo ya Lubumbashi) 10:00, kufika N'djili (aeropo ya Kinshasa) 11:30, kurudi ni 10:00 mpaka 13:30. Namna gani kwenda ni saa moja na nusu na kurudi masaa tatu na nusu? Niko na mutoto mudogo, nataka kujua maziwa ngapi nibebe.

Kijana wa Kenya (komine ya Lubumbashi): Mama, hapana ogopa, ndege inatumia masaa mbili na nusu kwenda, na masaa mbili na nusu kurudi, ila saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu saa moja na tiketi inaandika saa ya kila mahali. Mbali ni kama kilometa 1,550 ukipima mustari moja kwa moja.

Yaya wa Kampemba: Ni vile. Lakini mama, maziwa usihesabu ndege tu, hesabu na kungojea ku aeropo, mie na wangu chupa ya pili iliisha mbele hata ya kupanda, akalia mpaka tukaruka. Beba ine.

Mama wa Katuba: Aksanti sana bana yangu, nitabeba tano.