Ushahidi wa mazingira pekee unatosha mtu kunyongwa? Mfano wa huku ziwani

Nyavu_Kayenze
Wakuu wa sheria, naombeni mninyooshee hili. Wavuvi wawili wanatoka mwalo wa Kayenze, hapa Ziwa Victoria upande wa Mwanza, saa moja jioni na mtumbwi mmoja. Alfajiri anarudi mmoja. Siku ya tatu maiti ya mwenzake inaelea, kichwani ina jeraha. Nguo za aliyerudi zina damu, simu ya marehemu anayo yeye, na jana yake watu waliwasikia wakigombania pesa za dagaa. Hakuna aliyeona mtu akipigwa; ni ushahidi wa mazingira tu, yaani mambo yanayoashiria tendo bila aliyeliona. Je, hayo yanatosha kumpeleka mtu kitanzini? Na kama yanatosha, ni haki?

Wakili_Pasiansi
Ndugu, kisheria yanaweza kutosha. Hakuna kifungu kinachodai shahidi wa macho kwenye kesi ya mauaji. Kipimo kinachotumika mpaka leo kimetoka kwenye shauri la Musoke la 1958, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: mambo yaliyothibitishwa yawe hayaelezeki kwa njia nyingine yoyote ya maana isipokuwa hatia ya mshtakiwa, na kabla ya kufika hapo jaji ajiridhishe kwamba hakuna jambo jingine linaloulegeza mnyororo.

Sasa tupime mfano wako. Kuwa mtu wa mwisho kuonekana na marehemu kunambana asipotoa maelezo au akitoa ya uongo. Lakini mtumbwini mtu huteleza, huangukia injini, hupigwa na wimbi. Akisema hivyo tangu siku ya kwanza bila kubadilika, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye kazi ya kuivunja kauli hiyo, si yeye kuithibitisha. Ugomvi unaonyesha sababu ya chuki, hauonyeshi tendo. Simu ina uzito zaidi, ila ndugu kusema tu "naijua" hakutoshi. Itambuliwe kwa namba yake ya kiwandani, na hati ya ukamataji iwe imejazwa na kusainiwa hapohapo ilipokamatwa, si kesho yake kituoni. Kesi nyingi huanguka kwenye karatasi hiyo moja.

Maabara_Nyamagana
Nichangie upande wa maiti na damu, maana hapa ndipo ziwa linapowadanganya watu.

Kwenye maji yetu ya joto maiti huzama, kisha huelea baada ya kama siku mbili hadi nne, gesi zikijaa tumboni. Kwa muda huo samaki, mawe na panga za injini zinaweza kuijeruhi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari si "kuna jeraha?" bali "jeraha lilipatikana mtu akiwa hai?" Damu iliyovia ndani ya nyama kuzunguka jeraha huashiria uhai, lakini maji huisafisha na kuoza huichanganya, hata daktari mzuri hulazimika kuandika kwamba haijulikani. Kuzama kwenyewe hakuna alama moja ya kukithibitisha: povu puani na mapafu mazito hupotea maiti ikishaoza, na mpimaji hufikia jibu kwa kuondoa sababu nyingine kwanza. Ripoti iliyoandikwa "amezama" au "amepigwa" bila kueleza kilichoonekana ndani ya shingo na fuvu isikubaliwe bila daktari kuhojiwa.

Damu ya nguoni: kipimo cha awali hujibu kwa damu yoyote, hata ya sangara. Lazima kifuatwe na kipimo cha damu ya binadamu, ndipo vinasaba (DNA) vilinganishwe na vya marehemu kwa Mkemia Mkuu. Nguo ikaushwe kivulini, ifungwe kwenye karatasi, kila moja peke yake. Ikitiwa mfuko wa plastiki ikiwa mbichi inavunda, na vinasaba vinaharibika kabla havijafika maabara.

Na kama polisi watatumia minara ya simu kusema mtu alikuwa wapi: pale Kigongo–Busisi ghuba ina upana wa kama kilomita 3 tu. Simu iliyo upande wa Misungwi inaweza kushikwa na mnara wa Sengerema, kwa sababu juu ya maji hakuna kinachozuia mawimbi. Mnara unaonyesha eneo, hauonyeshi mtumbwi.

Mwana_Magu
Pamoja na hayo yote, nasimama na ushahidi wa mazingira. Shahidi wa macho naye hukosea, tena kwa kujiamini. Usiku kwa mwanga wa taa ya dagaa atakuambia "nilimwona fulani". Ndiyo maana shauri la Waziri Amani la 1980 linataka aulizwe alikuwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa nguvu gani, aliangalia kwa muda gani, na kama alimfahamu mtu huyo kabla. Vinasaba vilivyotunzwa vizuri nitaviamini kuliko macho ya gizani.

Nyavu_Kayenze
Sawa wakuu, nimeelewa kuhusu hatia. Swali langu la haki bado. Jaji akiridhika ni mauaji lakini moyoni ana wasiwasi, hawezi kumpa kifungo badala ya kitanzi?

Wakili_Pasiansi
Hawezi, na hapo ndipo ninapoumia. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinampa adhabu moja tu, kunyongwa. Wanaookoka ni aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa, na mjamzito. Wasiwasi wa jaji una nafasi moja tu: kwenye hatia. Ukiwa shaka ya kweli, anapaswa kumwachia, au kumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia kama kilichokosekana ni nia ovu. Na nia ndiyo kitu ambacho mazingira hukieleza vibaya kuliko vyote: jeraha moja kichwani halisemi kama alikusudia kuua au walisukumana wakigombana.

Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Dodoma, aliitangaza adhabu hii kuwa kinyume cha Katiba. 1995 Mahakama ya Rufani ikalitengua tamko hilo. Mwaka huohuo wa 1994 ndipo mtu aliponyongwa kwa mara ya mwisho nchini Tanzania, lakini hukumu zinaendelea kutolewa. Uganda iliondoa ulazima wa adhabu hiyo 2009, Kenya 2017. Novemba 28, 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisema ulazima wetu unakiuka haki ya kuishi. Mimi naona ushahidi wa mazingira ubaki, ulazima ndio uondoke.

Kwa anayehukumiwa: taarifa ya kusudio la rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30. Mahakama ya Rufani huupima ushahidi wote upya, si sheria peke yake.

Na nyie wa mwaloni, likitokea jambo kama hilo: msiuoshe mtumbwi, msiurudishe kazini. Uvuteni nchi kavu, ufunikwe, mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa mwalo waandike saa na majina ya waliougusa, mpaka polisi wafike.