Boundary Waters mwezi wa tano: kwa nini samaki wako maji mafupi?

Binamu_na_Kasia:
Wakuu habari zenu. Mimi na binamu yangu tumepata kibali cha kuingia Boundary Waters, eneo la pori na maziwa mengi kaskazini mwa Minnesota, Marekani, wiki ya tatu ya Mei, tunaingia na mtumbwi wa makasia maana sehemu kubwa ya huko injini hairuhusiwi. Barafu itakuwa imeshaondoka ila maji bado ya baridi kali. Sasa kila ninayemuuliza ananiambia tuvue maji mafupi, hata ya magotini, wakati ziwa lenyewe lina kina kirefu hatari. Mimi nilidhani kwenye baridi samaki anakimbilia chini. Naombeni mnieleweshe, tuanzie wapi na tubebe chambo gani, maana mizigo yote tutaivusha mgongoni toka ziwa hadi ziwa.

Ghuba ya Matope:
Mkuu kina kirefu achana nacho kwanza. Barafu ikishayeyuka na upepo ukachanganya maji, ziwa karibu lote linakuwa na nyuzi joto 4 hivi za Selsiasi juu mpaka chini, halafu jua linaanza kupasha pale penye maji mafupi, hasa penye tope jeusi kwa sababu weusi unanyonya joto. Kwa hiyo fungua ramani utafute vighuba vidogo vya upande wa kaskazini wa ziwa, vile vinavyotazama kusini, huko jua linapiga mchana kutwa na upepo wa kaskazini hauvifikii. Tofauti ya nyuzi mbili tatu tu inatosha, wadudu wanaamka, vidagaa wanafuata, na paiki (samaki mrefu mwenye meno makali, anayekula samaki wenzake) wanafuata vidagaa. Tena paiki wenyewe wanataga kwenye nyasi za mwaka jana zilizofunikwa na maji mara tu barafu ikiondoka, kwa hiyo wengi bado wapo humo humo wanarudisha nguvu.

Usijisumbue alfajiri, nenda saa nane mpaka saa kumi na moja jioni. Vaa miwani ya kuua mng'ao wa maji, utamwona paiki amesimama kama gogo lililozama, mapezi tu ndiyo yanatikisika. Usimrushie kichwani, tupa mbali mbele yake, vuta pole pole sana halafu acha kijiko (chambo bandia cha chuma chenye umbo la kijiko) kizame kidogo, mara nyingi anadaka pale pale kinapozama. Na funga kipande cha waya juu ya ndoano, meno yake yanakata mshipi kirahisi.

Mama Trauti:
Nakubaliana na hapo juu kwa paiki, ila jamani msimsahau trauti wa ziwani! Huu ndio wakati pekee mtu wa kasia anampata bila kushusha mshipi chini kabisa, maana anapenda maji ya kama nyuzi 10, juu yakishapata joto la kiangazi anahamia kilindini. Yeye mtafute kwenye miamba na ncha za nchi kavu zinazoshuka ghafla, siyo kwenye tope. Na wolai, samaki mwingine wa huko, mtafuteni jioni jua likizama, karibu na vijito vinavyoingiza maji ziwani, kwenye changarawe.

Halafu msome sheria kabla hamjaingia. Ukanda huo paiki mwisho wawili kwa mtu, wa inchi 30 hadi 40 wote wanarudishwa majini, hao ndio mama wa ziwa. Chupa za glasi na makopo ya vyakula na vinywaji marufuku. Mkivuka mpaka kuingia hifadhi ya Quetico upande wa Kanada, chambo hai hakiruhusiwi na mwiba wa ndoano (kile kincha kidogo kinachomzuia samaki kuchomoka) lazima ubanwe. Mimi naubana kwa plaizi kila mahali, samaki anatoka haraka bila kuchanika mdomo.

Binamu_na_Kasia:
Asanteni sana, nimeelewa kabisa. Na upepo ukiwa mkali?

Ghuba ya Matope:
Upepo wa kusini ukipuliza siku nzima unasukuma maji ya juu yenye joto kwenye ghuba zile zile za kaskazini, hapo ndipo pa kukaa. Ila msikatize katikati ya ziwa, ambaeni na ufuo na laifu jaketi zivaliwe muda wote, siyo kukaliwa. Kwenye maji ya nyuzi hizo mikono inaweza kukataa kazi ndani ya dakika kumi hivi hata kama unajua kuogelea. Nguo kavu wekeni kwenye mfuko usiopitisha maji, ufungeni kabisa kwenye mtumbwi.