Boti ya doria ya msaada isiyo na mafuta wala vipuri inamlinda nani?

Wakuu wa Tanga, hili la boti za doria za msaada tuliseme bila kupepesa macho. Boti inapokelewa kwa shangwe, utepe unakatwa, picha zinapigwa, halafu inafungwa kamba mpaka tumbo linaota mwani. Huko nje, ndani ya Hifadhi ya Silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa tangu 2009, anayevua kwa baruti anajua fika hakuna wa kumfuata. Inauma!

Tupige hesabu. Injini mbili za petroli za hosipawa 200 kila moja, ukizikaza mpaka mwisho, zinakunywa karibu lita 150 kwa saa. Ukipewa lita 60 una dakika 24 za kukimbiza mtu, na hapo bado hujarudi.

Ila kinachoziua hasa ni matunzo. Kila boti ikirudi, injini isafishwe ndani kwa maji yasiyo ya chumvi dakika 10 hadi 15. Usipofanya hivyo chumvi inaganda kwenye njia za maji, injini inachemka. Impela ya pampu ya maji ni kiraba tu, lakini kikikatika vipande vinaziba njia na injini nzima inakwenda. Oili ya gia ibadilishwe kila saa 100. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia: usiwashe tena. Fungua propela, mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti ukakata sili, kile kiraba kinachozuia maji yasiingie kwenye gia. Sili ni kitu kidogo, ila ukiipuuza unanunua gia nzima. Na zinki, vile vipande vinavyofungwa kwenye injini ili viliwe vyenyewe badala ya alumini, jamani, hazipakwi rangi! Ukizipaka umezizima, na chumvi inaanza kula alumini. Zikiliwa nusu, weka mpya.

Tazameni Pasifiki. Australia ilipoanza kuvipa visiwa vya kule boti za Guardian za mita 39.5 mwaka 2018, Tuvalu na Tonga zikiwemo, matengenezo, mafunzo na washauri vilikuwa ndani ya mpango. Pamoja na yote hayo, 2022 ikatangazwa kwamba zina nyufa kwenye kiunganishi cha injini na giaboksi, na moshi wa ekzosi unavuja. Sasa boti isiyo hata na fundi itafika wapi?

Anayepokea boti kwa niaba yetu asitie saini mpaka karatasi itaje vipuri vya miaka miwili, fundi wa hapahapa aliyefundishwa injini ileile, fungu la mafuta la kila mwezi, na daftari la saa za injini ambalo BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, wanaruhusiwa kulikagua. Na injini yenyewe iwe ya aina ambayo vipuri vyake vinapatikana Tanga mjini au Dar, siyo mpaka viagizwe nje na kusi yote ipite boti imelala.