Familia ya Tanga: Sabra na mashine zake za kusikia

Mama Sabra: Asalaam aleikum wote. Ijumaa tunakuja. Sabra sasa anavaa mashine za kusikia masikio yote mawili, naomba tuelewane kabla hatujafika.

Bibi: Waaleikum salaam mwanangu. Nasikia anazing'oa analia. Si mumwache apumzike? Ana miaka mitatu tu.

Mama Sabra: Shikamoo mama. Ni kweli anang'oa, jana ya kushoto nimeiokota kwenye ungo wa mchele. Lakini tukimwachia kila akilia hatazizoea sauti, na maneno yatazidi kuchelewa. Akiivua tunamrudishia taratibu bila kumgombeza, akiwa anakula au anacheza. Kuoga na kulala tu ndiyo tunazitoa.

Mjomba: Na harusi ya Jumamosi? Maspika yale!

Mama Sabra: Hapo ndipo ninapoogopa. Tulimwanzishia chumbani, tivii imezimwa. Atakaa mbali na spika, akichoka baba yake anatoka naye nje.

Shangazi: Zikipiga mluzi je?

Mama Sabra: Kile kipande cha ndani ya sikio hakijakaa sawasawa. Kisukume polepole. Alama nyekundu sikio la kulia, bluu la kushoto.

Baba Sabra: Betri jamani, sitaki mchezo. Ni vidogo kama vidonge. Mtoto akimeza, hospitali saa hiyo hiyo, inaweza kumuunguza koo kwa ndani. Hata zilizokwisha zisiachwe ovyo, wajukuu ni wengi hapo.

Bibi: Sasa nimwite vipi, kwa sauti kubwa?

Mama Sabra: Sauti yako ya kila siku mama, mashine inaikuza yenyewe. Msogelee akuone uso. Mimi kila asubuhi, kupima kama anasikia bila kuniona, nasimama nyuma yake nasema aa, uu, ii, mm, ss, sh. Juzi kwenye "sh" aligeuka! Zamani ile hakuisikia kabisa.

Bibi: Alhamdulillah! Alhamdulillah! Basi wajukuu wakubwa niachieni mimi. Hakuna wa kumshika masikio.

Shangazi: Nami niandae nini?

Mama Sabra: Kopo kavu lenye mfuniko wa kubana, wifi. Usiku tunazilaza humo na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kwa jasho la Tanga, tusipozikausha zitaharibika.

Shangazi: Lipo. Nitaliweka juu ya kabati, watoto wasifikie.