Gari mnapitisha bure, boti mnatukamua: utaratibu gani huu?

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia.

Nimehama Uingereza na familia, narudi Tanga jumla. Vyombo vya ndani, gari, na boti yangu ya faiba ya futi 18 juu ya trela yake, vyote vimeshushwa Dar. Vyombo vimepita. Gari limepita, maana Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inamsamehe anayehamia ushuru wa gari moja, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko nje miezi 12 au zaidi. Boti haikutajwa. Basi ofisa ananiambia kavukavu: "Hiyo ni starehe, lipia."

Starehe? Mtu wa Tanga na boti! Eti kwenye orodha ya ushuru wa forodha, kifungu chake ni 8903. Nimekisoma: yoti za starehe ziko humo, na humohumo wametia boti za makasia na mitumbwi. Yaani ngalawa ya babu yangu na yoti ya bilionea wa Monaco ni ndugu wa tumbo moja.

Hesabu sasa. Ushuru wanaupiga juu ya bei ya boti pamoja na bima na nauli ya meli. Halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo na ushuru wenyewe ukiwa ndani. Nalipia kodi nauli, kisha nalipia kodi ya kodi! Risiti niliyonunulia wameitupa pembeni, wakachukua bei ya boti mpya mtandaoni. Yangu imechubuka ubavu mzima.

Hao Waingereza tunaowaita wabahili, ukihamia kwao boti yako binafsi unaingiza bila ushuru wala VAT. Uwe umeimiliki na kuitumia miezi 6, na usiiuze ndani ya miezi 12. Basi.

Wakala wangu wa forodha, aliyeniapia kabla sijapakia kwamba boti itahesabiwa vyombo vya nyumbani, sasa hapokei simu. Na stoo ya bandarini inapanda kila kukicha.

Aliyewahi kupitisha boti kama mzigo wa mhamiaji, iwe Dar au Mombasa, aiweke hapa barua aliyojibiwa, majina afute. Wale wa "si ungeiuza hukohuko" piteni kimya.