Tupeane uzoefu: gari lenye bima kubwa linapohesabiwa hasara kamili

Mleta mada (Njiro, Arusha)
Ndugu wanajamvi, mwaka jana nilikwepa bodaboda pale Kikatiti, IST yangu ikaingia mtaroni na kupinduka. Gereji ya Unga Ltd ilikadiria matengenezo ya shilingi milioni 9.2, lakini mkadiriaji wa kampuni ya bima, ambaye aliangalia thamani ya gari sokoni siku ile ya ajali na kuiweka milioni 11.5, akasema halifai kutengenezwa, lihesabiwe hasara kamili. Nilikuwa nimelikatia bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, kwa milioni 14, nikalipa asilimia 3.5, yaani 490,000, na VAT 88,200 juu yake, nikiamini hizo 14 ndizo nitakazopewa. Wakala hakuwahi kunifafanulia kwamba kiasi hicho ni ukomo wa malipo tu. Ikakatwa asilimia 10 ambayo mkataba unanitaka niibebe mwenyewe, zikabaki milioni 10.35 kama ningewaachia mabaki ya gari, au 7.35 kama ningeyachukua na kukatwa bei yake. Niliwaachia, na fundi wangu hajaacha kunicheka. Wenzangu mlifanyaje?

Mchangiaji wa Boma Ng'ombe
Pole sana. Langu lilikuwa la mkopo, na kwenye mkataba wa bima benki ndiyo iliyotajwa kulipwa kwanza, kwa hiyo fidia yote ya milioni 13 ilikwenda huko wakati deni lilikuwa milioni 15. Nililipa marejesho miezi saba zaidi kwa ajili ya gari ambalo mabaki yake yalikwishauzwa, huku mimi nikigombania Hiace kila asubuhi kwenda kazini Moshi.

Mchangiaji wa Sakina
Mleta mada, ulikubali mapema mno. Mimi nilipopewa thamani nisiyoiafiki sikusaini hati ya kukubali malipo. Nilizunguka kwenye yadi za magari, nikaomba bei kwa maandishi za magari matatu ya mwaka uleule na yenye kilomita zinazokaribiana, nikaambatanisha na risiti za injini niliyobadilisha miezi michache kabla, wakaongeza milioni moja na nusu. Ukishasaini kwamba umelipwa kikamilifu, hata kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima utafika na hoja dhaifu. Ila wapo wanaojiumiza wenyewe: jirani yangu aliandikisha gari la milioni 20 kwa milioni 10 ili ada ipungue, lilipoungua hakupata hata senti juu ya hiyo 10.

Mchangiaji wa Soweto, Moshi
Hakuna aliyegusia kadi ya gari. Niliwaachia mabaki, nikakabidhi kadi na funguo, nikaamini yamekwisha. Kumbe aliyeyanunua alilifufua gari na kuliingiza barabarani bila kubadilisha umiliki TRA, na faini zikawa zinasoma jina langu. Nilifuatilia miezi minne, nikiwa na nakala ya hati ya makabidhiano ambayo kwa bahati mke wangu alikuwa ameitunza kwenye droo ya vyeti vya watoto. Anayeachia mabaki asaini fomu za kuhamisha umiliki siku hiyohiyo, na abaki na nakala.

Mleta mada
Ahsanteni. Baada ya kusoma ujumbe wa ndugu wa Soweto nimeingiza namba ya IST yangu kwenye mfumo wa faini za barabarani. Inadaiwa shilingi 30,000, kosa la mwendokasi, wiki mbili zilizopita.